Kusikiliza Nako Ni Kisomo

Sasa unajua kusoma. Unaweza kuandika jina lako, kusoma barua ya mwanao na kusoma bei dukani. Umefanya kazi kubwa, nami nakupongeza. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya kazi nyingine. Watu wengi hudhani kazi hii haina haja ya kufundishwa. Ni kazi ya kusikiliza.

Huenda ukasema, "Mwalimu, mimi nina masikio mawili. Nasikia tangu nilipozaliwa. Nifundishwe nini tena?"

Ni kweli, unasikia tangu ulipozaliwa. Lakini ulipozaliwa ulisikia lugha gani? Katika nchi yetu zinasemwa lugha zaidi ya 120. Wengi wetu, tulipokuwa mgongoni mwa mama, tulisikia Kigogo, Kisukuma, Kimakonde, Kiha au Kizaramo. Kiswahili kilikuja baadaye. Tulikikuta shuleni, sokoni au safarini. Sikio lililokua na lugha moja halizoei lugha ya pili kwa siku moja. Linahitaji kufundishwa, kama mkono wako ulivyofundishwa kushika kalamu.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nina cheti cha kazi hii, na kazi yangu iko hapa Pugu, katika wilaya ya Ilala, pembeni mwa jiji la Dar es Salaam. Wenyeji wa asili wa vilima hivi ni Wazaramo. Lakini siku hizi Pugu ina watu wa kila mkoa. Wengine walifuata viwanja. Wengine walifuata jamaa zao. Wengine waliletwa na mnada wa mifugo, ambao hupokea ng'ombe na mbuzi kutoka mikoa ya mbali, pamoja na wachungaji wao.

Darasa letu hukutana jioni katika shule ya msingi, watoto wakishaondoka. Madawati ni mafupi, na magoti ya wazee hayaingii chini yake. Hata hivyo tunakaa. Tunasoma, tunaandika, tunahesabu. Na kila siku, kabla ya kufunga madaftari, tunafanya somo la kusikiliza. Nitakueleza kwa nini.

DAWA YA SAA NANE

Mama mmoja wa darasa letu alitoka mkoa wa Dodoma. Lugha yake ya kwanza ni Kigogo. Alikuja Pugu kumfuata mumewe, naye Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni.

Jioni moja, kabla hajajiunga na darasa, mtoto wake alishikwa na homa. Akampeleka kwenye kituo kimoja cha afya. Mtoto akapimwa damu, akaonekana ana malaria. Akapewa dawa mseto. Vidonge vya kwanza alivinywa palepale, saa moja usiku. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo muuguzi alisema kwa haraka:

"Vya pili umpe baada ya saa nane. Halafu asubuhi na jioni mpaka viishe. Umeelewa, mama?"

Mama akajibu, "Ndiyo."

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo uhesabu. Kutoka saa moja usiku, zikipita saa nane, itakuwa saa ngapi? Itakuwa saa tisa usiku. Wakati huo ndio mama alipotakiwa kuamka na kumpa mtoto vidonge vya pili.

Lakini mama alishika maneno mawili tu: "saa nane." Saa nane aliyoijua yeye ni ile ya mchana, watu wanapomaliza kula. Basi akalala. Kesho yake akangoja mpaka saa nane mchana, ndipo akampa mtoto dawa. Mtoto alikuwa amekaa saa kumi na tisa bila dawa.

Usiku uliofuata homa ikapanda sana. Mtoto akashikwa na degedege. Baba yake alikuwa safarini. Jirani alikimbia kutafuta pikipiki, wakampeleka mtoto hospitali. Alilazwa siku kadhaa, akapona. Siku hizi huja darasani na mama yake, hukaa chini na kuchora mistari kwa chaki.

Watu walipoisikia habari hii walisema, "Yule mama hasikii." Si kweli. Masikio yake ni mazima. Alisikia sauti zote za muuguzi. Tatizo ni kwamba neno "saa" lina kazi mbili katika Kiswahili. Linataja wakati, kama tunaposema "njoo saa nane." Tena linataja urefu wa muda, kama tunaposema "nilingoja saa nane nzima." Maneno yaliyotenganisha kazi hizo mbili yalikuwa "baada ya." Ni maneno madogo, yalipita upesi, wala sikio la mama halikuwa limezoea kuyakamata.

Dawa mseto hunywewa kwa siku tatu. Vidonge vya pili hufuata saa nane baada ya vile vya kwanza. Kisha mgonjwa hunywa asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mgonjwa asipofuata muda huo, ugonjwa unaweza kurudi. Kwa hiyo kusikiliza si mchezo wa darasani. Uhai wa mtu unaweza kutegemea maneno mawili madogo.

"NDIYO" YA HESHIMA

Sasa tujiulize. Kwa nini mama alisema "ndiyo" wakati hakuelewa?

Mimi nimewauliza wanakisomo wengi swali hili. Majibu yao yanafanana. Wanasema, "Mwalimu, yule ni mkubwa. Nitamwambiaje kwamba sikumwelewa?" Katika nyumba nyingi tulimokulia, kumwambia mkubwa "sijaelewa" ni kama kumwambia "umesema vibaya." Tena mgeni huona aibu. Anaogopa kuchekwa kwamba ametoka bara na hajui Kiswahili. Basi "ndiyo" inamtoka mdomoni. Ni "ndiyo" ya heshima, si "ndiyo" ya kuelewa.

Hata Kiswahili chenyewe kinachangia. Tunaposema mtoto fulani ni msikivu, tuna maana kwamba ni mtiifu. Methali nayo inasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni nzuri kwa kulea watoto. Lakini kusikiliza maelezo ya dawa, ya mkopo au ya mpaka wa kiwanja ni jambo jingine. Hapo msikivu si yule anayenyamaza na kuinamisha kichwa. Msikivu ni yule anayeuliza. Kumbuka kwamba tuna methali nyingine pia: kuuliza si ujinga.

MANENO YA KITABUNI NA MANENO YA MDOMONI

Huenda ukashangaa kwamba unaweza kusoma sentensi kitabuni ukaielewa, lakini mtu akiisema barabarani inakupita. Usijilaumu. Kuna sababu.

Kitabuni, kila neno lina nafasi yake. Kati ya neno na neno kuna uwazi. Tena kitabu kinakungoja. Neno likikushinda, unarudi nyuma ukalisoma tena. Lakini msemaji hakungojei. Maneno yake yanashikana kama shanga za uzi mmoja, na yakishapita yamepita.

Kisha watu wa mjini hufupisha. Kitabuni umesoma "amefika." Huku Dar es Salaam utasikia "kafika." Kitabuni umesoma "nitakuja." Huku utasikia "n'takuja." "Sijui" inakuwa "s'jui." "Hakuna" inakuwa "hamna." Mtu asiyeambiwa mambo haya hudhani ni maneno mapya asiyoyajua, kumbe ni yale yale aliyoyasoma.

Kuna pia sauti ndogo zinazogeuza maana yote. Sema maneno haya kwa sauti, uyasikilize:

"Atakuja." "Hatakuja." La kwanza lina maana ya kuja, la pili lina maana ya kutokuja. Tofauti ni pumzi ndogo tu mwanzoni.

"Umpe maji." "Usimpe maji." Hapa tofauti ni silabi moja, "si."

"Fahali." "Fahari." Fahali ni dume la ng'ombe. Fahari ni utukufu. Baadhi ya lugha zetu hazitenganishi sauti ya "l" na sauti ya "r." Mtu aliyekulia katika lugha hizo husikia neno moja pale penye mawili. Ndivyo ilivyo pia kwa "kalamu" na "karamu," au "mahali" na "mahari."

Wachungaji wa mnadani wanazijua hatari za maneno madogo. "Nusu laki" ni shilingi 50,000. "Laki na nusu" ni shilingi 150,000. Maneno ni yale yale, ila yamebadili mahali, na katikati kumeingia "na." Mtu akiitikia bila kuisikia hiyo "na," anaweza kumwachia mwenziwe shilingi 100,000 kwa mbuzi mmoja.

WAZEE WETU NA REDIO

Kufundisha watu wazima kusikiliza si jambo geni katika nchi yetu. Wazee wanaokumbuka miaka ya 1970 watakusimulia juu ya vikundi vya redio.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kila kikundi kilikuwa na redio, kitabu na kiongozi aliyefunzwa kazi hiyo. Siku ya kipindi ikifika, watu walikusanyika chini ya mti, darasani au barazani. Walisikiliza kipindi juu ya malaria, kichocho, kuhara au kifua kikuu. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, juu ya lishe.

Redio ilisema Kiswahili. Lakini kwa wanavijiji wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya pili. Mbona basi walielewa? Kwa sababu redio ikizimwa kazi haikuisha. Hapo ndipo ilipoanza. Kiongozi alifungua kitabu, wakarudia yaliyosemwa. Watu walijadiliana. Asiyeelewa alielezwa na mwenziwe. Kisha kikundi kilikata shauri: sisi hapa tutafanya nini? Wakaenda kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi ya mbu.

Ukitaka kujua kama kikundi kilisikiliza vizuri, hukuwauliza, "Je, mmeelewa?" Ulikwenda kutazama kama choo kimechimbwa.

Hilo ndilo funzo ninalolitumia katika darasa la Pugu: sikia, rudia, jadili, tenda. Anayeishia kwenye kusikia amefanya robo ya kazi.

MWALIMU ALIYEFUNDISHA PUGU

Labda unadhani mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani au shuleni hawezi kukimiliki. Basi mkumbuke Mwalimu Julius Nyerere. Yeye alizaliwa Butiama mwaka 1922, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Huko shuleni ndiko alikojifunza Kiswahili.

Baadaye alikuwa mwalimu hapa hapa Pugu, katika shule ya Mtakatifu Fransisi, ambayo leo ni Shule ya Sekondari ya Pugu. Mwaka 1955 aliacha kazi hiyo ili ashughulikie TANU. Alizunguka nchi akihutubia kwa Kiswahili. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar. Lugha ya pili si lugha ya kukopa. Ukijifunza, inakuwa yako.

HATUA NNE ZA KUSIKILIZA

Sasa nikupe hatua nne tunazozifuata darasani. Zijaribu wewe nyumbani.

Kwanza, jiulize kabla ya kusikiliza: nataka kusikia nini? Ukipanda daladala, unataka jina la kituo. Usingoje neno "Pugu" tu, maana vituo vyenye jina la Pugu ni vingi. Subiri neno la pili: Pugu Kajiungeni au Pugu Mnadani? Ukienda kwa mganga, unataka mambo matatu: kiasi gani, wakati gani, siku ngapi. Anayetaka kukamata maneno yote hupoteza yote. Anayejua anachokitafuta hukipata.

Pili, kamata maneno madogo. Kabla, baada, kila, bila, mpaka, na, si. Haya ndiyo misumari ya sentensi. Misumari ni midogo, lakini ukiing'oa nyumba inaanguka.

Tatu, rudisha maneno kwa aliyeyasema. Usiseme "ndiyo" peke yake. Sema ulivyoelewa: "Kwa hiyo nimpe saa tisa usiku, ndivyo?" Kama umekosea, atakusahihisha papo hapo. Kama hukuelewa kabisa, sema bila aibu: "Samahani, naomba useme tena polepole." Maneno haya yana adabu. Hayamvunjii mtu heshima. Darasani tunayarudia mpaka yanazoeleka mdomoni, maana neno ambalo mdomo haujalizoea halitoki wakati wa shida.

Nne, andika. Hapa ndipo kisomo chako kinaposaidia sikio lako. Sasa unajua kuandika, basi andika kwenye karatasi au kwenye pakiti ya dawa: "saa 9 usiku." Maneno yaliyosemwa hupita, lakini yaliyoandikwa hukaa.

Kama una redio nyumbani, au simu yenye redio, unaweza kujizoeza. Weka taarifa ya hali ya hewa jioni. Siku ya kwanza sikiliza upate jambo moja tu: mkoa wa Dar es Salaam umetajwa? Siku ya pili sikiliza upate mawili: mkoa, na kama kutakuwa na mvua au jua. Siku ya tatu mwambie jirani ulichosikia, naye akueleze alichosikia yeye. Mkipishana, zungumzeni. Msichekane.

Jambo moja zaidi. Wako watu ambao masikio yao kweli yana ugonjwa. Kama sauti zote unazisikia kwa mbali, hata za lugha yako ya kwanza, hilo si la darasani. Nenda hospitali ukapimwe masikio.

NA WEWE UNAYESEMA

Nimesema mengi juu ya anayesikiliza. Lakini maneno yana ncha mbili. Huenda wewe msomaji ni mwenyekiti wa kikundi, mhudumu wa afya au mzazi. Unapotoa maelezo kwa mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, usipige kelele. Yeye si kiziwi. Sema polepole, kwa sentensi fupi. Badala ya kusema "baada ya saa nane," mwambie "saa tisa usiku," umwonyeshe na kwenye saa.

Tena usimwulize, "Umeelewa?" Swali hilo lina jibu moja tu, nalo unalijua. Mwambie, "Hebu nieleze, ukifika nyumbani utafanyaje?" Akikueleza sawasawa, ameelewa. Akikosea, bado mko pamoja, na kosa linaweza kurekebishwa kabla halijafika kwa mgonjwa.

Yule mama wa Dodoma haikumchukua siku moja kuzoea. Miezi ya kwanza darasani alikuwa akiitikia "ndiyo" kwa kila jambo, hata nilipomwuliza jina la mtaa wake. Wenzake walimsaidia. Kila aliposema "ndiyo," mmoja alimwuliza kwa upole, "Ndiyo ipi, dada?" Naye alicheka, akaanza kueleza. Mwaka uliofuata alimpeleka mtoto kliniki. Muuguzi alipomaliza kusema, mama akamwambia, "Samahani dada, nami nikueleze nitakavyofanya, unisahihishe." Muuguzi akaweka kalamu chini, akamsikiliza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtoto amekunywa dawa saa mbili asubuhi. Ameambiwa anywe tena baada ya saa nane. Atakunywa saa ngapi?

2. Je, umewahi kusema "ndiyo" wakati hukuelewa? Ilikuwa wapi? Ungesema nini badala yake?

3. Tajeni maneno mawili ya Kiswahili yanayokaribiana kwa sauti lakini yana maana mbali mbali. Kila mmoja ayaseme, wengine wasikilize.

4. Katika mtaa wenu, ni mahali gani watu hupata hasara kwa kutosikiliza vizuri? Kikundi chenu kitafanya nini juu ya jambo hilo?